Sukumo: Nili ya Kuvundika

Sukumo ni majani ya mnili wa Kijapani yaliyokaushwa, yakalundikwa na kunyweshewa maji hadi yakawa kitu cheusi mfano wa mboji. Ndiyo malighafi ya aizome, utiaji nili wa jadi wa Wajapani. Mmea wenyewe, Persicaria tinctoria, hauna udugu na mnili wa India, ulio wa jamii ya kunde, ingawa rangi inayopatikana ni ile ile.

Kitovu chake ni Tokushima, kisiwani Shikoku, eneo lililoitwa Awa zamani. Mto Yoshino ulizoea kufurika msimu wa tufani na kuharibu mpunga ungali shambani. Mnili huvunwa mapema zaidi, na mafuriko yaliacha udongo mpya kwa mmea unaochosha ardhi.

Kazi ya bandani huanza karibu na Septemba. Majani hulundikwa juu ya sakafu ya udongo, kimo cha mita moja hivi, kisha hunyweshewa maji na kupinduliwa kila baada ya siku chache, kwa muda wa siku 100 hivi. Lundo huchemka lenyewe hadi kupita nyuzi 60, na harufu ya amonia huwatoa wageni machozi. Maji yakizidi, majani huoza bure.

Kuita zao hili “mboji ya nili” kunapotosha, kwani mboji ni ya kurutubisha shamba. “Nili” peke yake nayo hutaja hata unga wa kufulia nguo nyeupe. “Nili ya kuvundika” inafaa zaidi: kinachovundikwa, kama ndizi, hufunikwa kwa makusudi ili kiive. Istilahi hiyo pia huitenga na nili ya viwandani, ambayo kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1897.

Nili haiyeyuki majini. Kwa hiyo sukumo huchachushwa mtungini kwa maji ya majivu, chokaa na pumba za ngano, pengine na sake, pombe ya mchele, mpaka bakteria waigeuze iweze kuyeyuka. Povu la buluu likijikusanya juu, mafundi huliita ua la nili: mtungi u tayari. Watalii wanaozuru karakana za Tokushima huchovya leso zao humo; hutoka za kijanikijani, zikageuka buluu hewani. Mchovyo mmoja hutoa buluu hafifu iitwayo kamenozoki. Buluu nzito, kon, hudai michovyo mingi.