Robert Louis Stevenson: Maradhi na Kalamu

Wasomaji wa Kiswahili walikutana na Robert Louis Stevenson zamani za utawala wa Waingereza, kwa tafsiri ya kitabu chake kimoja iliyoitwa Kisiwa Chenye Hazina. Ni hadithi ya ramani, merikebu, maharamia na mtoto hodari, na hapana ukurasa ndani yake unaonuka dawa. Walakini mtu aliyeitunga alikuwa mgonjwa wa kifua tangu utoto wake, na hadithi yenyewe ilianzwa Uskoti ikamalizwa Uswisi, kwa kuwa mapafu ya mtungaji hayakuweza kustahimili majira ya baridi ya kwao.

Imekuwa desturi kusema kwamba maradhi ndiyo yaliyompa Stevenson kipaji chake, kwamba aliyefungwa kitandani hujifunza kusafiri kwa mawazo. Kauli hiyo yapendeza masikioni, hasa masikio ya wenye afya. Lakini maisha yake, yakitazamwa mwaka kwa mwaka, yaonyesha jambo jingine: maradhi yalimtoza kodi katika kila kitabu, na ufundi wake, kwa sehemu kubwa, ulikuwa ufundi wa kulipa kodi hiyo bila ya kufilisika.

Alizaliwa Edinburgh tarehe 13 Novemba, 1850, mtoto wa pekee katika ukoo wa wahandisi mashuhuri waliojenga minara ya taa katika pwani za Uskoti. Usiku mwingi wa utoto wake aliupitisha akikohoa, na yaya wake, Alison Cunningham, akakesha naye akimsomea Biblia na kumsimulia habari za mashujaa wa dini wa nchi yao. Hapa wale wanaosifu maradhi wana haki kidogo, maana sikio la msimulizi lilifunzwa pale kitandani. Lakini watoto wengi wa Edinburgh walikohoa usiku, na wengi wao hawakuwa na yaya wa kukesha nao. Baba yake, Thomas Stevenson, alitaka mwanawe arithi kazi ya minara. Kijana alianza masomo ya uhandisi mwaka 1867, akayaacha mwaka 1871 ili asome sheria, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1875, na uwakili nao hakuufanya. Kwa miaka mingi baada ya hapo kalamu yake haikuweza kumlisha, akaendelea kupokea fedha za baba yake. Jambo hili si la kupitwa haraka. Mgonjwa maskini wa zamani zile hakupewa miaka 10 ya kujaribu kuandika.

Madaktari waliuita ugonjwa wake kifua kikuu. Robert Koch alitangaza kijidudu cha ugonjwa huo mwaka 1882, na dawa ya kukiua haikupatikana ila katika miaka ya 1940, nusu karne baada ya Stevenson kufa. Waganga wa siku za baadaye wametia shaka, baadhi yao wakidhani ulikuwa ugonjwa mwingine wa mapafu. Kwa mgonjwa mwenyewe tofauti ilikuwa ndogo. Alitema damu, alishikwa na homa, na tiba iliyokuwapo ilikuwa kupumzika, kunyamaza na kuhama. Alihamia Menton, kusini mwa Ufaransa, majira ya baridi ya mwaka 1873. Mwaka 1879 alivuka bahari mpaka California kumfuata Fanny Osbourne, mwanamke wa Kimarekani aliyemzidi umri kwa miaka 10, akafika huko hali yake i mahututi. Walioana San Francisco mwezi wa Mei, 1880, na tangu siku ile Stevenson alikuwa na mke na mwuguzi katika mtu mmoja.

Kisiwa Chenye Hazina chafaa kuangaliwa kwa karibu, kwani ndicho kinachoonyesha jinsi alivyofanya kazi. Mwezi wa Agosti, 1881, jamaa walikuwa Braemar, katika milima ya Uskoti, na mvua iliwafungia ndani. Stevenson na Lloyd, mtoto wa Fanny, walichora ramani ya kisiwa wakaipaka rangi, na ramani ikazaa hadithi. Aliandika sura moja kwa siku, akaisoma kwa jamaa jioni. Alipoanza sura ya 16 maneno yakamkatikia kabisa, na kwa wakati ule ule gazeti la vijana, Young Folks, lilikuwa linaanza kuitoa hadithi ile juma kwa juma. Mtu anaweza kuwaza hofu ya mwandishi ambaye mwanzo wa hadithi yake umekwisha kupigwa chapa naye hajui mwisho wake, na kifua chake kinamwamuru afunge mizigo. Alikwenda Davos, Uswisi, akakaa katika hewa kavu ya mlimani, na huko maneno yakamrudia. Akaimaliza kwa mwendo ule ule wa sura moja kwa siku. Kitabu kilitoka mwaka 1883.

Sura hizo ni fupi. Kila moja huanza na jambo na hukoma penye jambo, na msomaji huvutwa kwenda mbele. Wahakiki huziona kama mfano wa ustadi wa hadithi za magazeti, na ni kweli. Lakini kipimo kile kilikuwa pia kipimo cha nguvu zake: kazi iliyoweza kuanzwa na kukamilishwa kati ya asubuhi na chakula cha mchana, ili kesho ikija na homa pasiwe na kilichoning'inia.

Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya. Hyères, mwaka 1884, alitokwa na damu nyingi hata akakatazwa kusema. Mkono wake wa kuume ulifungwa kifuani, na macho yake yakaugua, akawekwa katika chumba cha giza. Inasimuliwa kwamba hata hapo aliandika mashairi ya watoto kwa mkono wa kushoto. Kutoka mwaka 1884 mpaka 1887 alikaa Bournemouth, Uingereza, na mara nyingi hakutoka nje ya nyumba. Ndipo ilipotungwa ile hadithi ya Jekyll na Hyde, iliyotoka Januari, 1886, ikamtia katika vinywa vya watu wote. Jamaa zake walieleza kwamba aliiota, akaiandika kwa siku 3, akaichoma moto kwa sababu ya lawama za mkewe, akaiandika tena kwa siku 3 nyingine. Nyumba ile ilikuwa ya watu waliopenda masimulizi, na si vibaya kuipunguza habari hiyo kidogo. Lenye hakika ni kwamba Fanny alikuwa msomaji wake wa kwanza na mlinzi wa mlango wake. Mgeni mwenye mafua hakupita, hata angekuwa rafiki wa tangu ujana, kwa kuwa mafua ya mgeni yaliweza kuwa damu kinywani mwa mwenyeji. Marafiki walinung'unika, wakamwona mkali. Hawakuhesabu kurasa zilizoandikwa nyuma ya mlango ule.

Thomas Stevenson alifariki Mei, 1887, na mwanawe akaondoka Uingereza asirudi tena. Alipitisha majira ya baridi Saranac Lake, katika milima ya New York, chini ya daktari Edward Livingston Trudeau, ambaye alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu yeye mwenyewe. Mwezi wa Juni, 1888, kwa sehemu ya urithi wa baba yake, alikodi merikebu ya matanga iitwayo Casco, wakasafiri katika Bahari ya Pasifiki. Yaliyokusudiwa kuwa matembezi yakawa makazi. Mwishoni mwa mwaka 1889 walifika Samoa, na mwaka uliofuata wakaanza kujenga Vailima, juu ya mji wa Apia.

Na hapa ndipo penye ushahidi unaoipinga ile kauli ya kipaji cha maradhi. Katika Samoa mtu aliyebebwa kama yai Bournemouth alipanda farasi, alikata magugu shambani, alijiingiza katika siasa za kisiwa, na aliandika kuliko alivyopata kuandika. Alitoa Catriona mwaka 1893 na The Ebb-Tide mwaka 1894, pamoja na kitabu cha mwaka 1892 juu ya ugomvi wa Wajerumani, Wamarekani na Waingereza visiwani humo. Wasamoa walimwita Tusitala, yaani msimulizi wa hadithi. Nguvu zilipoongezeka, kazi ikaongezeka na kuwa nzito zaidi.

Kodi haikufutwa, ilipunguzwa. Mwaka 1893 alimwandikia George Meredith kwamba kwa miaka 14 hakuwa amepata siku moja ya afya ya kweli. Mkono wake ulikuwa ukishikwa na maumivu, akaanza kuandikisha kwa imla, na katibu wake alikuwa Isobel, binti wa Fanny. Mwanzoni mwa mwaka ule homa ya mafua ilimrudishia kutema damu, na kusema kukakatazwa tena. Basi akaendelea na riwaya ya St. Ives kwa alama za vidole, zile wanazotumia mabubu, herufi kwa herufi, naye Isobel akisoma vidole na kuandika.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba, 1894, alifanya kazi na Isobel juu ya Weir of Hermiston, riwaya ambayo wahakiki wengi wameiweka mbele ya zote alizoandika. Jioni, akimsaidia mkewe kutayarisha chakula, alianguka, na baada ya saa chache akafa. Alikuwa na umri wa miaka 44. Haikuwa mapafu, mshipa ulipasuka katika ubongo. Wasamoa walikata njia msituni wakampandisha mabegani mpaka juu ya mlima Vaea, wakamzika huko. St. Ives ilimaliziwa na Arthur Quiller-Couch. Weir of Hermiston haikuguswa. Ilipigwa chapa mwaka 1896 jinsi ilivyokuwa, na sura yake ya 9 yakoma pale imla ya asubuhi ile ilipokomea.