Afasia

Afasia (kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya "kutosema") ni hali ya kupungukiwa na uwezo wa kutumia lugha kutokana na madhara katika ubongo. Mwenye afasia anaweza kushindwa kusema, kuelewa anayoambiwa, kusoma au kuandika, kwa kiwango kidogo au kikubwa. Chanzo chake kikuu ni kiharusi. Vyanzo vingine ni majeraha ya kichwa, uvimbe wa ubongo na maambukizi. Takriban mtu 1 kati ya 3 wanaopatwa na kiharusi huwa na afasia katika siku za kwanza.

Afasia si kichaa, wala si kupotewa na akili. Kwa kawaida mgonjwa huwatambua ndugu zake, hukumbuka mambo yake na hujua anachotaka, ila njia ya kugeuza wazo kuwa maneno, au maneno kuwa wazo, imeharibika. Afasia ni tofauti pia na udhaifu wa misuli ya ulimi na midomo, ambao huharibu matamshi tu na kuacha lugha yenyewe ikiwa salama.

Sababu

Kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi nusu ya kushoto ya ubongo. Ndivyo ilivyo kwa asilimia 95 hivi ya wanaotumia mkono wa kulia na asilimia 70 hivi ya wanaotumia mkono wa kushoto. Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Seli zinazokosa damu huanza kufa katika muda wa dakika chache. Kwa kuwa nusu ya kushoto ndiyo inayoongoza upande wa kulia wa mwili, afasia mara nyingi huambatana na kupooza kwa mkono na mguu wa kulia.

Aina

* *Afasia ya Broca*: mgonjwa husema kwa shida, maneno machache machache, lakini huelewa mengi. Imepewa jina la daktari Mfaransa Paul Broca, ambaye mwaka 1861 alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka silabi "tan" tu. Baada ya kifo chake, ubongo wake ulionekana kuharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto.
* *Afasia ya Wernicke*: mgonjwa husema kwa wepesi, lakini maneno yake hayaeleweki vizuri na yeye mwenyewe haelewi vizuri anayoambiwa. Ilielezwa na Mjerumani Carl Wernicke mwaka 1874. Madhara huwa nyuma zaidi, juu ya sikio la kushoto.
* *Afasia ya jumla*: kusema na kuelewa vyote vimeathirika sana.
* *Afasia ya majina*: mgonjwa huzungumza vizuri, lakini hukwama anapotafuta jina la kitu.

Dalili hutegemea pia muundo wa lugha. Wagonjwa wanaosema Kiingereza mara nyingi huacha viambishi na kubakiza neno fupi. Katika Kiswahili mzizi kama *-som-* haujitoshelezi kuwa neno. Katika lugha za namna hiyo kosa la kawaida ni kuweka kiambishi kimoja mahali pa kingine, kwa mfano *anasoma* badala ya *alisoma*. Mtafiti Tom Abuom alichunguza Wakenya wenye afasia wanaosema Kiswahili na Kiingereza, na kuwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, mwaka 2013.

Kupona

Nafuu kubwa huja katika miezi 3 ya kwanza. Mwanzoni, sehemu za ubongo zilizodhoofika bila kufa hurudia kazi yake uvimbe unapopungua na damu inapopita tena. Baadaye sehemu za jirani, na pengine za nusu ya kulia, huchukua baadhi ya kazi za sehemu iliyokufa. Badiliko hilo huhitaji mazoezi, na laweza kuendelea kwa miaka. Kiasi cha kupona hutegemea hasa ukubwa na mahali pa madhara pamoja na ukali wa afasia mwanzoni.

Tiba ni mazoezi ya usemi na lugha: kutaja vitu, kurudia maneno, kujenga sentensi, na kutumia picha au ishara. Wengine wasioweza kusema huweza kuimba maneno ya wimbo waliouzoea, na baadhi ya mazoezi hutumia uwezo huo. Katika Afrika Mashariki wataalamu wa tiba hiyo ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianza kuwafundisha kwa kiwango cha shahada mwaka 2008.

Kwa watu wenye lugha zaidi ya moja

Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alidai kwamba kumbukumbu za zamani ndizo zinazodumu zaidi, jambo lililochukuliwa kuwa na maana kwamba lugha ya kwanza hurudi mapema. Mwaka 1895 mwenzake Albert Pitres alisema inayotangulia ni ile iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa. Hakuna kanuni kati ya hizo inayowafaa wagonjwa wote. Mara nyingi lugha zote hupona pamoja, lakini kwa baadhi ya watu moja hutangulia, au moja hurudi huku nyingine ikififia.

Jambo hilo ni muhimu katika maeneo kama Old Moshi, kwenye mteremko wa kusini wa mlima Kilimanjaro. Mzee wa huko aweza kuwa alikua na Kimochi, mojawapo ya lugha za Wachagga, akajifunza Kiswahili shuleni na kanisani, na Kiingereza sekondari au kazini. Akipimwa kwa Kiswahili peke yake, aweza kuonekana hana lugha kabisa, ilhali anaelewa Kimochi. Kwa hiyo inafaa apimwe kwa lugha zake zote, kwa msaada wa ndugu anayezijua.

Kiharusi mkoani Kilimanjaro

Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, magharibi kwa Moshi, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walipata wagonjwa 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 hivi Dar es Salaam. Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba Dar es Salaam wengi walihusisha kiharusi na majini au uchawi, wakati Hai walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi.

Hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi ilifunguliwa mwaka 1971. Hapo hufundishwa pia wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo, ambao huwasaidia waliopatwa na kiharusi.

Mtu anapopinda mdomo, kuishiwa nguvu mkono mmoja au kuvurugika usemi ghafla, apelekwe hospitali mara moja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka.

Kuzungumza na mwenye afasia

* Kuzima redio na kupunguza kelele.
* Kusema sentensi fupi kwa sauti ya kawaida, kwani mgonjwa si kiziwi.
* Kuuliza maswali ya "ndiyo" au "hapana", na kuonyesha kitu kinachotajwa.
* Kumpa muda wa kujibu bila kumkatiza.
* Kutomsemesha kama mtoto, na kumshirikisha katika maamuzi yanayomhusu.

Tazama pia

* Kiharusi
* Ubongo
* Shinikizo la damu