Taka Hatarishi

Istilahi hii imezoeleka katika sheria, kanuni na vibao vya viwandani, lakini nyumbani haijafika. Ukimuuliza mtu kama ana taka hatarishi atasema hana, ilhali kabatini mwake mna kipimajoto cha zebaki, betri za rimoti zilizokwisha, dawa ya mende iliyobaki robo chupa na kopo la rangi ya mafuta lililoanza kuganda.

Neno lenyewe limeundwa vizuri. Hatari imezaa hatarisha, na hatarisha ikazaa hatarishi, kama shirikisha ilivyotupa shirikishi na wezesha ikatupa wezeshi. Kauli ya kutendesha ndiyo inayobeba uzito: ni taka yenye uwezo wa kumtia mtu, mnyama au mazingira hatarini. Wapo wanaosema taka hatari, nami sina ugomvi nao. Wengine husema taka zenye sumu, na hapo ndipo ninapokataa, maana sumu ni sifa moja tu. Taka huwa hatarishi pia kwa kushika moto upesi, kama thina. Kwa kubabua ngozi na macho, kama tindikali ambayo mafundi huiita maji ya betri. Au kwa kulipuka, kama kopo la dawa ya kupuliza likitupwa motoni. Anayesikia sumu hujihadhari asile wala asinywe. Hafikirii moto anaouwasha jalalani nyuma ya nyumba huku watoto wakivuta moshi wake.

Kwa nini basi istilahi imekwama viwandani? Sababu mojawapo ni sheria zenyewe. Mkataba wa Basel wa 1989, unaosimamia usafirishaji wa taka hatarishi kutoka nchi moja hadi nyingine, umeziweka taka zinazokusanywa majumbani katika kundi la pekee, nje ya orodha ya taka hatarishi. Kwa wasafirishaji mgawanyo huo una mantiki yake. Kwa mzoa taka anayetia mkono ndani ya kiroba hauna maana yoyote: zebaki ni zebaki, itoke hospitalini au chumbani kwako.

Istilahi hii hutembea na nyingine, urejelezaji, yaani kukirudisha kilichotumika kiwe malighafi tena. Wengi huamini kwamba kitu kikisharejelezwa, hatari imekwisha. Betri ya gari inaonyesha sivyo. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni metali ya risasi, na kwa kuwa risasi ina bei, betri chakavu haikosi mnunuzi. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri za namna hiyo hadi 2014, kimepakana na nyumba za watu. Moshi na maji machafu viliwafikia wakazi, na watoto wakakutwa na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, aliongoza mapambano, na 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kiwanda kile kilikuwa kikirejeleza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto, kwa kuwa risasi hushambulia ubongo unaokua.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mnunuzi wa chuma chakavu si bei peke yake. Betri inakwenda wapi? Tindikali inamwagwa wapi? Akiipasua betri uani na kuimwaga tindikali mtaroni, huo si urejelezaji unaostahili jina hilo.

Tusimwachie mwenye nyumba mzigo wote. Halmashauri inayokusanya ada ya taka iweke, hata sokoni au kwenye ofisi ya mtaa, pipa la betri na taa zilizoungua, na wazoaji wake wapewe glavu. Wakati tunalidai hilo, usichome betri wala makopo ya kupuliza, usimwage oili chafu mtaroni, na mafuta ya taa usiyatie kamwe katika chupa ya soda. Mtoto hasomi lebo. Huitambua chupa, akanywa.