Kunguni: Namna ya kuwaangamiza nyumbani

Konza, mji mdogo wa Machakos ambako reli ya Magadi huchepuka kutoka reli ya zamani ya Mombasa, ni njia panda ya wasafiri; na kunguni husafiri katika mizigo. Mdudu huyu hunyonya damu usiku, na mchana hujificha katika nyufa za kitanda na mishono ya godoro. Aweza kuishi miezi kadhaa bila kula, hivyo kukihama chumba si dawa. Shuka na nguo zichemshwe; nyufa zimwagiwe maji yanayotokota, kisha zizibwe. Mayai huanguliwa kwa wiki moja au mbili, basi kazi hiyo irudiwe kila wiki hadi watoweke. Dawa za shambani zisinyunyizwe chumbani: kunguni wengi wamezoea sumu, watoto hawajaizoea.