Nani Ampime Fundi?

Mwaka 1997, mjini Dallas katika jimbo la Texas, Isis Brantley alikamatwa na polisi kwa kusuka nywele bila leseni. Hakutia nywele dawa wala hakushika mkasi. Alisuka kwa vidole na chanuo, kama wasusi wa Kariakoo wanavyosuka twende kilioni. Miaka 10 baadaye sheria ililegezwa na msusi akatakiwa kuwa na mafunzo ya saa 35 tu, ila mwenye kutaka kufundisha usukaji aliwekewa masharti ya chuo cha vinyozi: eneo la futi za mraba 2,000, viti 10 vya kinyozi vinavyolala, na masinki. Sheria hiyohiyo ilimkataza msusi kutoa huduma yoyote inayohitaji sinki. Brantley alikwenda mahakamani, akashinda Januari 2015, na mwaka huohuo jimbo likaondoa kabisa leseni ya kusuka.

Kisa hiki hutumiwa sana Marekani kuthibitisha kwamba leseni ni ukuta wa kuwazuia maskini wasiingie sokoni. Kwa wasusi nakubali. Msusi akikosea, mteja anaona kwenye kioo, anafumua, na kesho anakwenda kwa mwingine. Lakini anayekufungia umeme akikosea, kosa lake linafukiwa ndani ya ukuta, na huenda likaja kuonekana usiku nyumba imeshika moto na watoto wamelala. Kosa ambalo mteja hawezi kuliona mpaka limdhuru ndilo linaloipa serikali haki ya kuingia kati yake na fundi. Pasipo kosa la namna hiyo, serikali imuache mtu afanye kazi yake.

Wajerumani wana hoja nyingine, na ni nzito. Kwao fundi anayetaka cheo cha Meister, yaani fundi bingwa, hupimwa katika mambo manne: kazi ya mikono, nadharia ya ufundi, hesabu na sheria za biashara, na uwezo wa kumlea mwanagenzi. Mwaka 2004 waliondoa sharti la kuwa na cheo hicho ili kuendesha biashara katika fani 53 kati ya 94. Miongoni mwake ilikuwamo ya kutandaza vigae. Kampuni za vigae ziliongezeka mara kadhaa, nyingi zikiwa za mtu mmoja asiyefundisha yeyote, na vijana wanaojifunza fani hiyo wakapungua. Mwaka 2020 fani 12 zilirudishiwa sharti, vigae vikiwemo. Vigae vibaya haviui mtu, na kwa kipimo changu cha hatari sharti lile lisingestahili kurudi. Hata hivyo swali lao linanisumbua: fundi asipolazimika kumfundisha mwingine, ujuzi utarithiwa na nani? Tatizo ni gharama. Kozi za kufikia mtihani huo hugharimu maelfu ya yuro, na mtu mzima mwenye familia, aliyejifunza kazi katika nchi nyingine, hawezi kurudi darasani kirahisi.

Ndiyo maana namkumbuka Sinan ibn Thabit, tabibu wa Baghdad. Mwaka 931 Khalifa al-Muqtadir alipata habari kwamba mgonjwa amekufa kwa kosa la tabibu. Akamwamuru muhtasibu, msimamizi wa masoko na maadili ya umma, asimruhusu mtu kutibu mpaka apimwe na Sinan. Waandishi wa historia ya matabibu wanasimulia kwamba waliojitokeza walizidi 860, mbali na wale waliokwisha kujulikana kwa umahiri wao. Siku moja akaingia mzee aliyevaa vizuri, mwenye haiba. Sinan akamheshimu na kumsikiliza kama mwenzake. Ilipofika zamu ya kuulizwa, mzee akatoa dinari zilizofungwa katika karatasi, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika vizuri, ila ana familia inayomtegemea. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti: asimwingilie mgonjwa kwa asilolijua, wala asiagize kutoa damu au dawa ya kuharisha isipokuwa kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kwamba ndivyo alivyofanya maisha yake yote, hajawahi kuvuka sharubati ya siki na asali na maji ya waridi.

Zile dinari zinanitia shaka. Palipo na mtihani, rushwa haiko mbali. Lakini uamuzi wenyewe ulikuwa wa hekima. Sinan alipima anachoweza mzee yule na anachoweza kukiharibu, kisha akamwekea mpaka hapo katikati.

Tanzania tunayo njia inayokaribiana na hiyo, na haisemwi vya kutosha. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: aliyejifunza gereji au kwenye ujenzi, akianza kama saidia fundi, hupimwa kwa kazi anayoijua na kupewa cheti bila kulazimika kuanza upya darasani. Leseni ya kufunga umeme ni suala jingine, na hapo ndipo mambo hupinda. Fundi wa mtaani hupasua ukuta, hulaza mabomba, hupitisha waya na kufunga swichi. Kisha mwenye nyumba hutafuta mwenye leseni wa kugonga muhuri kwenye fomu na mchoro. Wapo wanaogonga bila kuingia hata chumba kimoja. Aliyefanya kazi hajapimwa, na aliyepimwa hajaiona kazi.

Ningependa mpimaji aje kabla ukuta haujapigwa plasta, mabomba na maungio yakiwa wazi, aangalie unene wa waya wa jiko na waya wa kwenda ardhini, na fundi aliyeifanya kazi awe amesimama hapo akijibu maswali. Akiweza taa na soketi tu, aandikiwe taa na soketi kwa jina lake mwenyewe. Laini ya jiko aisubiri mpaka atakapopimwa tena.