VIDONGE VILIVYOZIMA MBEGU ZA KIUME GEREZANI, MPAKA POMBE IKAHARIBU KILA KITU

Wanaume wengi wakisikia Vitamini A wanafikiria macho tu. Kula karoti uone vizuri usiku, basi. Kumbe bila hiyo vitamini hata mbegu za kiume hazitengenezwi, na stori ya jinsi jambo hili lilivyokuja kueleweka imepita gerezani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kule Marekani, kampuni moja ya dawa ilikuwa inatafuta dawa ya amiba, wale vijidudu wanaoleta kuhara damu. Dawa mojawapo ilipewa namba tu, WIN 18,446. Walipowapa panya, madume yakaacha kutengeneza mbegu. Hapo watafiti wakaacha kuwaza tumbo wakaanza kuwaza uzazi wa mpango wa wanaume.

Wakawapa wafungwa wa gereza la jimbo la Oregon. Kwa nini wafungwa? Wanakaa sehemu moja, wanakula chakula kimoja, hawatoroki na vidonge. Walijitolea wenyewe, ndivyo ilivyoandikwa. Ila mdau, mtu aliyefungiwa ndani akisema "nimekubali", amekubali kweli? Kuanzia 1963 wafungwa wengine wa gereza hilohilo walipigwa mionzi kwenye korodani kwa ajili ya utafiti mwingine, tena kwa sharti la kufungwa mirija mwishoni. Kwa hiyo usiseme hao wa vidonge walikuwa na bahati mbaya kuliko wote.

Majibu yaliyotolewa 1961 yalikuwa matamu. Ndani ya miezi miwili mitatu mbegu zilishuka sana, homoni za kiume zikabaki kawaida, na jamaa wakiacha vidonge mbegu zinarudi. Dunia ilikuwa karibu kupata kidonge cha wanaume miaka ileile ya kidonge cha wanawake.

Sasa gerezani pombe haipo, au tuseme haitakiwi kuwepo. Inasimuliwa kwamba mfungwa mmoja alipata pombe ya magendo, akanywa, akaumwa vibaya. Kwa watu wa uraiani ikawa hivyohivyo: ukichanganya na pombe uso unawaka, moyo unakimbia, unatapika. Nani angenunua kidonge cha kumkataza bia kila wikiendi? Mradi ukafa.

Sababu yenyewe ilikuja kujulikana miaka 50 baadaye. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba dawa ile inazuia kimeng'enya cha kwenye korodani kinachoigeuza Vitamini A kuwa asidi ya retinoiki. Hiyo asidi ndiyo inayoziambia chembe changa zianze safari ya kuwa mbegu, safari ya siku 70 na kitu. Isipokuja, zinakaa tu zinasubiri. Ndio maana ikirudi, kazi inaanza upya. Ndugu wa karibu wa kimeng'enya hicho yupo kwenye ini, kazi yake kusafisha sumu ya pombe. Dawa ilikuwa inawapiga wote wawili.

Na dalili zilikuwepo zamani! Mwaka 1925 watafiti waliwanyima panya Vitamini A wakaona korodani zinasinyaa. (Usikimbilie kumeza vidonge vya vitamini lakini, ikizidi inaharibu ini. Maini, mawese na viazi lishe vinatosha.)

Siku hizi kuna kidonge kipya, YCT-529, ambacho hakigusi vimeng'enya. Chenyewe kinaziba mlango ambao asidi ile inapokelewa. Kimeshajaribiwa Uingereza kwa wanaume 16, majibu yakatoka 2025, na hakikuwaletea madhara ya kutisha. Safari hii hawakuwa wafungwa, walikuwa raia huru, na wote walikuwa wameshafunga mirija kabla. Kwa hiyo kama kinazima mbegu za binadamu kama kilivyofanya kwa panya, jaribio lile halikupima.