Hali za kuruka kwa droni ndogo

DJI Mini 2, droni iliyozinduliwa mwaka wa 2020 ikiwa na uzani usiofika gramu 250, ina hali tatu za kuruka. Hali ya filamu huizuia kupita mita 6 kwa sekunde, ya kawaida mita 10, na ya kasi mita 16. Kadiri mwendo unavyozidi ndivyo umbali wa kusimama unavyoongezeka.

Ipo hali ya nne, asiyoichagua mrushaji. Mawimbi ya setilaiti yakififia na vihisi vya chini visipoiona ardhi vyema, droni hudumisha kimo lakini hupeperushwa na upepo. Hapo mrushaji hana budi kuielekeza mwenyewe na kuishusha upesi, mbali na watu.